Majina yanayojitokeza yenyewe si kitabu cha anwani

*Swali: Mimi ni katibu wa chama chenye wanachama 62. Barua pepe zetu nazifungulia kwenye kivinjari, sijaweka programu yoyote ya barua kwenye kompyuta. Kwa miaka mitatu nimezoea kuandika herufi mbili tatu za jina, na anwani nzima inajitokeza. Mwezi uliopita nilibadilishiwa kompyuta. Sasa kama nusu ya majina hayajitokezi tena, na mengine yanajitokeza na anwani za zamani. Baya zaidi, barua ya ndani ya chama imekwenda kwa mtu aliyejitoa mwaka jana, kwa sababu jina lake linafanana na la mhazini wetu. Naona pana kitu kinaitwa kitabu cha anwani ambacho sijawahi kukifungua. Kinatumikaje, na naweza kuwaandikia wanachama wote kwa mkupuo? Na ile barua iliyopotea njia, naweza kuirudisha?*

Ndugu Katibu,

Kabla hujaendelea kusoma, kifungue hicho kitabu. Kwa kawaida kiko pembeni au juu ya ukurasa, na kinaweza kuitwa Anwani, Mawasiliano au Watu. Huenda ukakuta kadi nne tano ndani yake, au usikute hata moja. Usishtuke. Miaka mitatu umewaandikia watu bila kumwingiza yeyote kitabuni. Kilichokuwa kikikusaidia ni kitu kingine, na humo ndimo yalimotokea haya yote unayolalamikia.

Majina yanayoshuka chini ya sehemu ya mpokeaji unapoandika herufi za mwanzo yanaweza kutoka mahali patatu. Pa kwanza ni kitabu cha anwani chenyewe, yaani kadi ulizojaza kwa mkono wako. Hizo hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mtoa huduma wako, kwa hiyo ukiingia kwa kompyuta yoyote unazikuta. Pa pili ni orodha ambayo programu hujikusanyia yenyewe: umemwandikia mtu mara moja, nayo inamweka akiba ili safari ijayo ikupendekezee. Gmail humweka mtu wa aina hiyo kwenye kundi la anwani nyingine, mbali na zile ulizohifadhi mwenyewe. Roundcube, programu ya kusomea barua kivinjarini ambayo watoa huduma wengi huwapa wateja wenye jina lao la kikoa (lile linalokaa baada ya alama ya @), tangu toleo la 1.5 la mwaka 2021 ina kitabu cha pekee cha wapokeaji waliokusanywa. Orodha hizi nazo kwa kawaida hukaa kwenye seva. Pa tatu ni kivinjari. Kivinjari hukumbuka ulichowahi kuandika kwenye visanduku vya kurasa mbalimbali, bila kujua kama ni barua pepe au jina la mtaa, na kumbukumbu hiyo kwa kawaida hubaki kwenye kompyuta uliyoandikia.

Sasa rudi kwenye hali yako. Majina yaliyopotea pamoja na kompyuta ya zamani bila shaka yalikuwa ndani ya kompyuta ile, wala hayajawahi kuwa ndani ya kisanduku chako cha barua. Yaliyobaki, pamoja na zile anwani zilizochakaa, yako kwenye seva. Ukitaka kuhakikisha, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari cha simu ambacho hujawahi kukitumia kwa barua hizo, kisha andika herufi zile zile. Litakalojitokeza pale limetoka kwenye seva.

Habari njema ni kwamba anwani zenyewe hazijapotea. Kila barua uliyowahi kutuma ina anwani ya aliyetumiwa, na kama hukuzifuta, zote ziko kwenye folda ya Zilizotumwa. Fungua barua ya mtu unayemtaka, bofya jina lake pale juu ya barua, na utaona alama au maneno ya kumwongeza kitabuni. Wanachama 62 kwa njia hiyo ni kazi ya alasiri moja. Usikubali kufanya mkato wa kubeba orodha nzima iliyojikusanya na kuimwaga kitabuni. Humo mna kila uliyemwandikia mara moja maishani: dawati la huduma la kampuni fulani, mtu uliyemuuliza bei na hukununua, na anwani ulizokosea herufi. Ndiyo, hata ulizokosea, kwa sababu programu huhifadhi ulichotuma, haingoji kuona kama kimefika. Ndiyo maana mtu hukosea anwani mara moja na kuendelea kuikosea mwaka mzima, kila mara akipendekezewa kosa lake mwenyewe.

Na hapa ndipo palipotokea mkasa wa mwanachama aliyejitoa. Hata ukimfuta kitabuni, anaweza kubaki kwenye orodha iliyojikusanya, na ataendelea kujitokeza kana kwamba hakuna kilichobadilika. Anatakiwa kufutwa kote kuwili. Kwenye baadhi ya programu, ukipeleka kishale juu ya jina lililopendekezwa, hutokea alama ya x ya kuliondoa pale pale. Kwenye nyingine sharti ufungue orodha ya waliokusanywa na kumfutia humo. Mimi hupenda kuuzima kabisa ukusanyaji wa aina hii. Gmail ina mpangilio wa kuchagua kuongeza anwani mwenyewe badala ya kuongezewa, na programu nyingine nazo zina kitu kama hicho kwenye mipangilio. Utaona usumbufu wiki ya kwanza. Baada ya hapo kila jina linalojitokeza litakuwa ni jina ulilolikubali wewe.

Tuje kwenye kadi yenyewe. Sehemu za kujaza ni nyingi, kuanzia siku ya kuzaliwa hadi picha, lakini kwa kazi ya ukatibu unahitaji nne tu: jina, anwani ya barua pepe, cheo au taasisi, na maelezo. Jina ndilo linalostahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu programu nyingi zinapopendekeza huangalia jina na anwani, na hazifiki kwenye maelezo. Kama una watu wawili wenye majina yanayofanana, tofauti yao inatakiwa ionekane kwenye jina lenyewe. Weka cheo mwishoni: “Rashidi, Mhazini”. Yule mwingine, kama bado unamhitaji kwa jambo jingine, awe na neno lake la kumtambulisha. Ukiandika “mhaz” utampata unayemtaka, na ukiandika “Rash” utawaona wote wawili wakiwa wametofautishwa.

Ila kuna jambo ambalo wengi hulijua kwa kuumbuka. Jina ulilomwandikia mtu kitabuni halibaki kwako peke yako. Unapomchagua kama mpokeaji, programu huchukua jina hilo na kuliandika kando ya anwani yake kwenye kichwa cha barua, na barua ikifika, jina lile limefika nalo. Niliwahi kumhifadhi fundi mmoja wa mashine za kuchapishia kwa jina la Fundi Kesho, kwa sababu kila nikimwita jibu lake lilikuwa hilo. Siku moja nikamwandikia kwa heshima zote kumkumbusha kazi yangu. Akajibu kwa mstari mmoja: “Kesho amepokea ujumbe wako, atakuja kesho.” Tangu siku hiyo sehemu ya jina naiandika kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma yangu akisoma. Ya moyoni huenda kwenye maelezo, ambayo hayatumwi pamoja na barua. Tena usiyaweke huko kama kitabu kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kuhusu anwani zilizochakaa, usimfungulie mtu kadi ya pili kwa sababu amebadilisha anwani. Fungua ile ile ya kwanza, weka anwani mpya, futa ya zamani. Kama anazo mbili anazozitumia, moja ya kazini na moja yake binafsi, zote zikae kwenye kadi moja na kila moja iwe na alama yake. Kadi pacha ndizo zinazofanya kitabu kisiaminike, maana mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka ipi ni ya kweli. Programu nyingi zina kitufe cha kutafuta kadi zinazojirudia na kuziunganisha. Kitumie, lakini soma kabla hujakubali, kwa sababu mashine huona majina mawili yanayofanana na kudhani ni mtu mmoja. Kwa hawa wawili wako lingekuwa balaa.

Unapoandika anwani kwa mkono, herufi kubwa na ndogo zisikusumbue. Sehemu iliyo baada ya alama ya @ haitofautishi kabisa, na iliyo kabla yake kwa vitendo karibu watoa huduma wote huichukulia vivyo hivyo. Nukta ni habari nyingine. Gmail hupuuza nukta zilizo kabla ya @, lakini kwingine nukta moja inaweza kuwa tofauti kati ya watu wawili. Ukinakili anwani kutoka mwishoni mwa sentensi, angalia usibebe na nukta ya kufungia sentensi.

Sasa kikundi. Kitengeneze ndani ya kitabu cha anwani, kipe jina kama “Wanachama wote”, kisha weka kadi zako humo. Gmail hukiita lebo, lakini kazi ni moja. Kikundi hakibebi nakala ya anwani, kinaelekeza tu kwenye kadi. Ukirekebisha kadi ya mwanachama, kikundi kimerekebishika. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye vikundi kadhaa, kwa hiyo tengeneza na kidogo cha kamati, kwa ajili ya yale mambo ya ndani yaliyokuletea taabu. Kuwa makini unapomtoa mtu: kumwondoa kwenye kikundi na kumfuta kabisa ni vitufe viwili vilivyokaa jirani. Ukibonyeza cha pili, ametoka kwenye vikundi vyote na kwenye kitabu pia.

Unapotuma, andika jina la kikundi kwenye sehemu ya wapokeaji na programu italifungua liwe anwani 62. Hapo ndipo swali la faragha linapoingia. Ukikiweka kikundi kwenye sehemu ya Kwa au CC (ya nakala), kila mwanachama ataona anwani za wenzake 61, na mmoja akibonyeza “jibu wote” ili kusema amepokea, barua hiyo itawafikia wote. Wakijibu wengi, ndani ya saa moja kila mmoja atakuwa na rundo la “asante” kwenye kisanduku chake. Kiweke kikundi kwenye BCC (ya nakala ya siri), na kwenye Kwa andika anwani yako mwenyewe au ya chama. Walio kwenye BCC hawaonani, na mmoja wao akibonyeza “jibu wote”, jibu linakuja kwako na kwa walioonekana tu. Wako wanaoona BCC ni usiri wenye nia mbaya. Kwa tangazo la chama mimi naona ni adabu, kwa sababu mwanachama alikupa anwani yake wewe katibu, hakuwapa watu 61.

Usitegemee kikundi kifanye zaidi ya hapo. Kinaishi ndani ya akaunti yako. Mwenyekiti akitaka naye kuwaandikia wote, kikundi chako hakimsaidii, labda mwe mnatumia akaunti moja. Kama mnataka anwani moja ambayo mwanachama yeyote akiiandikia barua inawafikia wote, hiyo ni orodha ya barua inayotengenezwa kwenye seva, na mtoa huduma wenu ndiye wa kuulizwa. Mwulize pia kuhusu kikomo. Akaunti ya bure ya Gmail huruhusu wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo 62 si tatizo. Watoa huduma wengine huhesabu kwa saa na kikomo chao huwa kidogo zaidi. Ukikipita, barua hurudi au akaunti husimamishwa kwa muda, kwa sababu seva haiwezi kukutofautisha na mtu anayesambaza barua taka.

Kwa kuwa umeshaonja kupoteza majina, weka nakala ya kitabu nje ya akaunti. Tafuta kitufe cha kuhamisha au kupakua, na utapewa kuchagua kati ya vCard na CSV. Chagua vCard. Muundo huu ulianza miaka ya 1990 hasa kwa ajili ya kadi za anwani, toleo lake la 3.0 ni la 1998 na la 4.0 ni la 2011, na karibu kila programu na kila simu huusoma. Unajua kubeba mtu mwenye anwani tatu na picha bila kuvuruga. CSV ni jedwali tupu, linafaa ukitaka kuona wote kwa pamoja au kuchapisha orodha. Hatari yake ni Excel: ukilifungua faili bila tahadhari, namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, na namba ndefu hugeuka kitu kama 2.55E+11. Ukihifadhi hapo, umeharibu nakala. Hesabu kadi kabla ya kuhamisha na baada ya kurudisha. Angalia pia kama vikundi vimerudi, maana hivyo ndivyo hupotea kwanza vinapotoka programu moja kwenda nyingine.

Ukitaka kitabu hicho hicho kionekane kwenye simu, mwulize mtoa huduma kama ana CardDAV, yaani njia ya kuunganisha kitabu cha anwani kilicho kwenye seva na vifaa vyako. Akisema anayo, atakupa anwani ya seva ya kuingiza kwenye simu. iPhone huielewa bila nyongeza, Android huhitaji programu ndogo ya kuunganisha.

Kompyuta ya zamani iko wapi? Nauliza kwa sababu zile anwani zilizokaa kwenye kivinjari chake bado zimo, na atakayeirithi ataziona zikishuka akianza kuandika. Kama bado unaweza kuifikia, zinakili unazozihitaji, kisha toka kwenye akaunti na ufute data za kivinjari, pamoja na kile kipengele cha vilivyojazwa kwenye fomu. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kitabu cha anwani ni orodha ya watu wanaokuamini, na hilo wavamizi walilijua zamani. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilijituma kwa anwani 50 za kwanza kilizozikuta kwenye kitabu cha mtu. Mei 2000 kikafuata ILOVEYOU, ambacho hakikujisumbua kuhesabu, kilijituma kwa wote waliomo. Watu walifungua kwa sababu barua ilitoka kwa mtu wanayemfahamu. Mbinu haijabadilika sana. Anayeiba nywila yako leo hataki barua zako tu, anawataka hao 62.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimhifadhi mtu usiyemjua ili tu umkumbuke. Programu nyingi humchukulia aliye kitabuni kuwa ni wa kuaminika, na kutegemea mipangilio, picha zilizomo kwenye barua zake huonyeshwa bila kukuuliza na kichujio cha barua taka humwachia njia. Tapeli aliyejisajili kwa anwani inayotofautiana herufi moja na ya mhazini wenu atafurahi sana ukimjibu mara moja. Kama ukusanyaji hujauzima, kesho atapendekezwa sambamba na mhazini wa kweli.

Nije kwenye barua iliyopotea njia. Hairudi. Ikishaingia kwenye seva ya mwenzako, imekuwa mali ya kisanduku chake. Kile kitufe cha kutengua kutuma ulichowahi kukiona kwenye Gmail hakirudishi barua, kinachelewesha tu kuondoka kwake, kwa sekunde 5 hadi 30 kulingana na ulivyopanga. Panga 30 ukikipata. Mwandikie yule bwana mistari miwili, umwombe aifute, na umwarifu mwenyekiti leo badala ya kungoja aisikie kwingine.

Na unapoandika barua nyeti, acha sehemu ya mpokeaji tupu hadi umalize kila kitu, na viambatisho umeshaviweka. Ukibonyeza kutuma kwa bahati mbaya, barua isiyo na mpokeaji haina pa kwenda. Ukishamweka, peleka kishale juu ya jina lake usome anwani yote, si jina peke yake.